Kumbi na Ukumbi: Uhakiki wa Ukaazi wa Wasimamizi wa Maonyesho na Sanaa ya Jamii katika Masasi na Newala

Katika Kiswahili, maneno kumbi na ukumbi yanakaribiana mno kwa umbo, kiasi kwamba wingi wa neno la pili hauwezi kutofautishwa na neno la kwanza. Kumbi ni mahali wanapowekwa wari wa jando hadi wapone na kufundwa. Ukumbi ni jumba ambamo watu hukusanyika ili watazame au wasikilize. Kumbi huwekwa mbali na macho ya wasiohusika; ukumbi hupoteza maana usipokuwa na watazamaji. Uhakiki huu unajenga hoja kwamba udhaifu mkubwa wa fikra ya ukaazi wa wasimamizi wa maonyesho, pale inapoelekezwa kwa jamii za Masasi na Newala, ni kudhani kwamba kila sanaa ya jamii iko njiani kuelekea ukumbini. Sanaa iliyo muhimu zaidi katika eneo hilo imejengwa juu ya haki ya kutoonyeshwa, au kuonyeshwa kwa saa chache, kwa watu waliokwisha kustahili, kisha kuondolewa.

Kwa ukaazi panakusudiwa hapa utaratibu ambao mtu mwenye kazi ya kuchagua, kupanga na kufasiri vitu vya maonyesho hupewa malazi, posho na muda wa kukaa mahali pasipo pake, afanye kazi na wenyeji, na mwishowe atoe maonyesho. Utaratibu huu si mgeni tena Afrika Mashariki. Nafasi Art Space ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2008, hupokea wasanii wakaazi. 32° East ya Kampala hufanya vivyo hivyo. TheMuseumsLab, iliyoanza mwaka 2021, huwakutanisha wataalamu wa makumbusho wa Afrika na Ulaya, na ndani yake mna kipindi cha kukaa katika makumbusho ya wenzao. Katika maelezo ya programu za namna hii neno jamii hujitokeza mara kwa mara. Ni nadra lifafanuliwe.

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, ukingoni kabisa, ardhi inapokatika ghafla na kuteremka kwenye bonde la mto Ruvuma. Masasi iko chini yake, upande wa magharibi, katikati ya vilima vya mawe. Wakazi wake ni Wamakonde, Wamakua na Wayao hasa, watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama na ambao jando na unyago vimekuwa chuo chao kikuu cha maadili na cha sanaa. Maonyesho makubwa yaliyowahi kufanywa kwa vitu vyao, hata hivyo, yamefanyika kwingine: Dar es Salaam, Leipzig, Geneva. Historia hiyo ya kuonyeshwa kwingine inapaswa kutangulia mjadala wowote wa ukaazi, kwa kuwa mkaazi wa kwanza alifika zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Huyo alikuwa Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya elimu ya watu ya Leipzig. Mwaka 1906 alitumwa Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa msaada wa kamisheni ya utafiti wa makoloni iliyoongozwa na Hans Meyer. Alikusudia kwenda kaskazini, lakini habari za machafuko huko zikamfanya aelekezwe kusini. Akatoka Lindi hadi Masasi, akapanda Newala na Mahuta. Alikuwa na kamera, fonografu na mtambo wa kupigia picha za sinema. Alirejea na vinyago, zana, nyimbo zilizonaswa kwenye mitungi ya nta, na filamu za ngoma. Kitabu chake kilitoka Leipzig mwaka 1908, na mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiingereza katika tafsiri ya Alice Werner.

Kwa vigezo vya leo safari hiyo ina kila sifa ya ukaazi. Weule alikaa eneo hilo kwa miezi kadhaa, muda ambao wakaazi wengi wa siku hizi hawaupati. Alifanya kazi na wenyeji, akawapa karatasi na penseli wachore, akakaa nao barazani kuwauliza majina ya vitu. Kilichokosekana si ukaribu bali ridhaa. Vita vya Majimaji vilikuwa vimeanza mwaka 1905. Misheni ya Masasi ya UMCA ilikuwa imeharibiwa mwaka huohuo, na kisasi cha dola ya kikoloni kusini kilikuwa cha moto na njaa. Mtu aliyefika kijijini mwaka 1906 akifuatana na askari, akaomba kununua kinyago, alikuwa akiomba jambo ambalo ni vigumu kuliita ombi. Bei iliyolipwa haiondoi mazingira hayo. Aidha, Weule aliingia katika unyago wa wasichana na kuupiga picha, yeye mwanamume na mgeni, mahali ambapo mwanamume wa Newala asingethubutu kukanyaga. Milango miwili ilivunjwa kwa safari moja: mlango wa kumbi la wavulana na ule wa nyumba ya wasichana.

Mkaazi wa pili anayestahili kuhakikiwa ni Vincent Lucas, padri wa UMCA aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926. Yeye hakuja kukusanya. Alikaa miaka mingi, akaanzisha jando la Kikristo: baadhi ya vipengele vikabaki, vingine vikafutwa, sala zikachukua nafasi ya matambiko. Wanahistoria, Terence Ranger akiwa miongoni mwao, wameijadili kazi hiyo kama mfano wa Ukristo uliokubali kuvaa vazi la wenyeji. Ukitazamwa kwa jicho la maonyesho, uamuzi wa Lucas ulikuwa uamuzi wa msimamizi: hiki kibaki, hiki kiondoke, hiki kihamishiwe pengine. Tofauti yake na Weule ni kwamba aliamua mbele ya watu ambao angekutana nao tena mwaka uliofuata, na mwaka baada ya huo. Upande wa wavulana alipata wa kumuunga mkono. Upande wa wasichana jitihada hiyo ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu wanawake waliokuwa wenye unyago hawakuona sababu ya kumkabidhi askofu kazi yao. Ukakamavu huo wa makungwi hauna budi kusomwa kama tendo la kisanaa. Walikataa kazi yao isimamiwe na mwingine kwa kuwa tayari ilikuwa na msimamizi.

Hapa ndipo penye kiini. Mwaka 1971 J. A. R. Wembah-Rashid, aliyefanya kazi Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, alichapisha katika jarida la African Arts makala kuhusu isinyago na midimu ya Tanzania na Msumbiji. Midimu ni wachezaji waliovaa vinyago, wengine wakicheza juu ya mironjo; isinyago ni maumbo, mengi ya wanyama, yanayotokea usiku. Vyote vinafungamana na kufunguliwa kwa wari. Jambo linalojitokeza katika uchunguzi wa aina hiyo ni kwamba kinyago si kipande cha mti peke yake. Ni mti, nguo inayofunika mwili wote wa mchezaji, ngoma, kelele za watoto wanaokimbia, na makubaliano ya watu wazima kutotaja ni nani aliye ndani. Hayo makubaliano ndiyo sehemu kubwa ya kazi ya sanaa. Kinyago kikiwekwa ndani ya sanduku la kioo, mti unabaki na makubaliano yanakufa.

Waswahili husema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Methali hiyo husomwa kwa kawaida kama dharau kwa aliyepandishwa cheo akamsahau aliyempandisha. Katika muktadha wa uwanda wa Makonde inaeleza pia mpango mzima wa elimu: yupo anayetishika kwa kuwa hajaona kuchongwa, na yupo asiyetishika kwa kuwa amekwisha kuona. Kumbi ni njia ya kutoka hali ya kwanza kwenda ya pili. Maonyesho ya kawaida ya makumbusho hufuta njia hiyo. Kibandiko chenye maelezo ya mti, mwaka na matumizi humfanya kila apitaye kuwa mchongaji, bila kumtaka apite popote. Kwa mgeni wa Leipzig hilo halina madhara makubwa. Hakuwa mwari, wala hatakuwa. Kwa mtoto wa Newala wa miaka saba ni jambo jingine kabisa, na msimamizi anayepeleka maonyesho ya jamii katika mji huo lazima ajue kwamba mtoto huyo atakuwa wa kwanza kuingia mlangoni, kabla hata ya mgeni rasmi.

Inafaa kutaja, japo kwa kifupi, kwamba wasimamizi wengi huenda uwandani wakitafuta kitu kisicho cha huko. Sanaa ya Kimakonde inayofahamika Mwenge na katika maduka ya watalii, yaani shetani na ujamaa za mpingo, ilikuzwa kwa sehemu kubwa na wachongaji waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, kama Samaki Likankoa anayehusishwa na kuzaliwa kwa mtindo wa shetani katika miaka ya 1950. Ni sanaa yenye heshima yake, iliyochongwa tangu mwanzo kwa ajili ya soko na kwa ajili ya kutazamwa. Msimamizi anayefika Newala akiulizia ujamaa atapata jibu la adabu, lakini atakuwa amepita kando ya sanaa ya mahali pale.

Je, jukwaa haliwezi kuwa suluhisho? Sindimba ilitolewa katika mazingira yake ya Kimakonde, ikafanywa ngoma ya taifa, ikachezwa shuleni na kwenye mapokezi ya viongozi, hadi ikafahamika na watu wasiowahi kufika kusini. Ilipata watazamaji, ikapoteza wasikilizaji, yaani wale waliofahamu kila ishara ilikuwa ikifundisha nini. Tamasha la MaKuYa, linalofanyika Mtwara tangu mwaka 2008 chini ya ADEA na ambalo jina lake limeunganishwa kutokana na Makonde, Makua na Yao, linakabili tatizo hilo kwa namna iliyo bora zaidi. Vikundi vinatoka vijijini, na watazamaji walio wengi ni watu wa eneo lenyewe. Vinavyoletwa uwanjani ni vile ambavyo vikundi vyenyewe vinakubali viletwe. Hata hivyo tamasha ni la siku chache. Haliwezi kubeba kazi ya kuhifadhi, kutafsiri na kujadili ambayo ukaazi unaahidi, na halipaswi kulaumiwa kwa kutoibeba.

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi jinsi ukaribu wa kisanaa unavyoweza kukosa shabaha ulitokea Leipzig kwenyewe. Mwaka 2022, katika mpango wa kuliunda upya jumba la GRASSI, kikundi cha wasanii PARA kilivunja nguzo ya ukumbusho ya Karl Weule iliyokuwa ndani ya jumba hilo, na mabaki yake yakatumika kutengeneza nakala za jiwe. Jiwe lenyewe ni lile ambalo Hans Meyer alilichukua kwenye kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889. Nakala ziliuzwa ili zichangie gharama ya kulirudisha. Tendo hilo lilizua mjadala mkali Ujerumani, wengine wakilipongeza, wengine wakililia jengo la kihistoria. Kwa upande wa Tanzania liliamsha shauku halali, kwani Kilimanjaro ni alama ya taifa. Lakini hesabu yake inashangaza. Weule hakupanda Kilimanjaro. Deni lake liko Masasi, Newala na Mahuta. Nguzo ya mtu aliyebeba vinyago vya kusini ilivunjwa ili kuufidia mlima wa kaskazini, kwa kuwa mlima una picha inayotambulika Ulaya na uwanda wa Makonde hauna. Hilo si kosa la nia. Ni kosa la msimamizi aliyeandaa kazi kwa ajili ya ukumbi aliokuwamo, huku akiamini anazungumza na jamii iliyo mbali.

Urejeshaji nao una mpaka wake. Mwaka 1984 vitu kadhaa viliibwa katika Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, kikiwamo kinyago cha Kimakonde kilichonunuliwa mwaka uliofuata na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Kilitambuliwa, mazungumzo yakachukua takriban miaka ishirini, na mwezi Mei 2010 kikakabidhiwa kwa Tanzania. Kisa hiki hutajwa na wanasheria wa mali za utamaduni kama mfano wa maridhiano mema, na ni kweli. Kwa mtazamo wa uhakiki huu, hata hivyo, kinyago kilirudi mahali kilipoibwa, si mahali kilipochezwa. Kati ya Dar es Salaam na Newala upo umbali ambao makubaliano baina ya mataifa hayana lugha ya kuutaja.

Ipo jitihada iliyojaribu kuupunguza umbali wa namna hiyo. Mwaka 2022 maonyesho ya kuhamahama ya Marejesho yalizunguka katika vijiji vya Kilimanjaro na Meru yakiwa na picha za vitu vilivyomo katika makumbusho ya Ujerumani, na watu wa vijijini wakaombwa waseme wanavijua vipi na wanataka vifanyweje. Muundo wake unafaa kuigwa kusini: picha kwanza, maneno ya wenyeji kwanza, uamuzi baadaye. Hauwezi kuigwa bila marekebisho. Picha ya mkuki au ya mkufu inaweza kutundikwa sokoni. Picha ya ndimu iliyovuliwa nguo zake, uso wa mti peke yake, ikitundikwa soko la Newala siku ya gulio, inafanya kile alichofanya Weule, safari hii kwa idhini ya kamati.

Pingamizi moja lina uzito na haliwezi kupuuzwa. Usiri wa kumbi umekuwa pia chombo cha mamlaka ya wanaume juu ya wanawake na ya wazee juu ya vijana. Kuna mafunzo ndani ya jando na unyago ambayo walimu, wauguzi na wazazi wa Mtwara wenyewe wanayapinga, hasa pale yanapowatoa watoto shuleni au kuwaharakisha kwenye ndoa. Msimamizi anayeheshimu kila siri kwa jina la utamaduni anaweza kujikuta mlinzi wa dhuluma. Jibu la uhakiki huu ni kwamba kuonyesha na kukosoa ni mambo mawili. Kinachohitaji kujadiliwa hadharani ni mafunzo, na mjadala huo unaendelea misikitini, makanisani na katika mikutano ya vijiji bila kinyago chochote kutundikwa ukutani. Msimamizi anaweza kuukaribisha mjadala huo ndani ya maonyesho yake na bado akauacha uso wa ndimu ulipo. Isitoshe, unyago wa wasichana nao una siri zake, na wenye kuzilinda ni wanawake. Anayezifichua kwa madai ya kuwakomboa anapaswa kwanza kueleza amemuuliza nani.

Yakizingatiwa hayo, masharti ya ukaazi katika Masasi na Newala yanakuwa tofauti na yale yanayonakiliwa kutoka miji mikubwa. La kwanza ni kalenda. Jando na unyago vilikuwa vya kiangazi, baada ya mavuno, na siku hizi hufuata pia likizo za shule. Korosho huanza kuvunwa mwishoni mwa mwaka, na wakati huo hakuna mtu mwenye nafasi ya kuzungumza na mgeni. Ukaazi wa majuma sita unaopangwa kwa mwaka wa fedha wa mfadhili utaangukia ama katika palizi ama katika korosho. Mkaazi ataandika katika ripoti yake kwamba jamii ilikuwa na mwitikio mdogo. Weule, kwa bahati tu, aliwasili kiangazi. Ndiyo maana aliona mengi. Ukaazi unaostahili jina hilo ungeanza kabla ya kiangazi kimoja na kwisha baada ya kiangazi cha pili, ili mkaazi aone kile alichoambiwa asubiri.

Lugha nayo ni sharti, si pambo. Maelezo ya maonyesho yaandikwe kwa Kiswahili kabla ya lugha nyingine yoyote, na yasemwe kwa Chimakonde, Chiyao na Kimakua kwa wale wasiosoma. Zaidi ya yote, mamlaka ya mwisho juu ya kitu gani kionekane, na nani, na kwa muda gani, iwe mikononi mwa makungwi na manyakanga, kwa maandishi, pamoja na haki ya kusema hapana baada ya kila kitu kuwa tayari. Wafadhili watasita hapo. Ni vigumu kutoa fedha kwa maonyesho ambayo yanaweza yasifanyike. Lakini haki ya kukataa isiyoweza kutumika si haki, na wakaazi wawili wa mwanzo, mmoja kwa nguvu na mwingine kwa hisani, waliifikisha jamii hii mahali ambapo uaminifu hauwezi kuanza kwa masharti mepesi zaidi.

Si kwamba hakuna cha kuonyesha tangu sasa. Miongoni mwa vitu ambavyo Weule aliondoka navyo imo michoro ya penseli. Aliwapa karatasi wapagazi wake Wanyamwezi, akiwamo kiongozi wao aliyeitwa Pesa Mbili, pamoja na watu wa njiani, nao wakachora walichotaka: watu, wanyama, nyumba, safari. Michoro kadhaa ilichapishwa katika kitabu chake cha 1908. Haimo ndani ya siri yoyote. Waliochora walijua kwamba mgeni ataitazama, na wengine walichora kwa ajili hiyo hasa, wakimweleza yeye na wenzake jinsi msafara ulivyoonekana kutoka upande wao. Michoro hiyo ingeweza kutundikwa Masasi katika darasa la shule wakati wa likizo, au Newala katika jengo la halmashauri, bila kungwi yeyote kulazimika kugeuza uso. Mitungi ya nta ingefuata baadaye: nyimbo zichezwe kwanza mbele ya wazee wachache, mlango ukiwa umefungwa, nao waamue ni zipi zitoke nje. Vinyago vingebaki kwenye orodha kwa majina tu, nafasi zao ukutani zikiwa wazi, hadi kiangazi ambacho wenye navyo watasema vinginevyo.